Daftari la mfukoni kwa mwenye baipola: namna ya kuendesha siku pale akili inapokuwa nzito

Familia nyingi zinazonijia kuuliza namna ya kumsaidia mgonjwa wa baipola anayesahau zimeanzia pale pale. Zimenunua daftari, zimempa mgonjwa wao, zimemwambia: "Andika kila kitu, usije ukasahau." Siku ya tatu daftari liko chini ya godoro. Wiki ya pili linaandikiwa madeni ya sukari na mchele.

Sisi pia tulianza hivyo. Mdogo wangu ni fundi cherehani hapa Wete na ana baipola, maradhi ya hisia kupanda kupita kiasi na kushuka kupita kiasi. Daftari la kwanza lilikufa, la pili likafa. La tatu likashika, kwa sababu tulibadilisha namna ya kulitumia. Namna hiyo ndiyo ninayoieleza hapa, kwa mgonjwa mwenyewe na kwa yule anayeishi naye.

Kuna jambo lazima lieleweke kwanza. Dawa zikishafanya kazi na hisia zikatulia, wengi wenye baipola bado hubaki na uzito wa kufikiri. Wanasahau walichoambiwa sasa hivi, wanashindwa kushika mazungumzo ya watu wengi, wanakwama kwenye kazi yenye hatua nyingi, na wanachelewa kujibu. Huo si uvivu wala ujinga. Ni sehemu ya maradhi, na mara nyingi waliopitia vipindi vingi vya kupanda na kushuka ndio wanaoumia zaidi.

Mdogo wangu alikuwa akimpima mteja bega, akigeuka kuchukua kalamu, namba imeshapotea. Anapima tena. Mara ya tatu mteja anamkazia macho, naye anaona haya, anaandika namba ya kubuni. Kanzu inatoka fupi. Watu wanasema fundi kaharibika.

Mwongozo huu hauahidi kurudisha kumbukumbu. Unachofanya ni kuutoa mzigo kichwani na kuuweka mahali pengine, ili akili iliyopo itumike kwenye kazi yenyewe. Barcelona, nchini Hispania, madaktari walitengeneza mafunzo ya namna hii ya vikao 21 kwa wagonjwa wa baipola, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha waliofundishwa walimudu kazi na maisha ya kila siku kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Hapa Pemba sina vikao 21 vya kukupa. Nina daftari, adhana na bahasha za dawa.

## Usianze leo ikiwa…

Mgonjwa halali, anasema mbio mbio, anagawa pesa au anagombana na kila mtu: huyo amepanda, na kwanza ni hospitali. Halikadhalika ikiwa haamki kitandani, hali, haogi, au anasema bora afe. Anayetaja kufa asiachwe peke yake hata kwa nusu saa. Ondoeni karibu naye akiba ya dawa, kamba na sumu ya shambani, kisha mpelekeni siku hiyo hiyo. Unguja kuna Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Kidongo Chekundu. Pemba anzia hospitali iliyo karibu nawe, iwe Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee pale Mkoani, uulize huduma ya afya ya akili.

Daftari ni la mtu aliyekwishatulia.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kijidaftari kinachoingia mfuko wa kanzu au wa shati. Kaunta buku kubwa usinunue, litabaki nyumbani.
- Kalamu mbili. Moja ifungwe kwa uzi kwenye daftari lenyewe.
- Bahasha ndogo 7 za dawa, au kisanduku cha dawa chenye vyumba 7.
- Simu yoyote yenye alamu, hata kitochi.
- Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu na za kawaida pamoja.
- Kikapu kimoja karibu na mlango.
- Mtu mmoja wa kusaidia. Mmoja tu. Wakiwa watatu, kila mmoja atadhani mwenzake ameuliza.

Jipeni wiki 6. Hatua zifuate kwa mpangilio na msichukue mbili kwa pamoja. Ukimpa mtu mwenye akili nzito mambo manane siku moja, umemwongezea ugonjwa.

## Hatua ya 1: Ulizeni kama uzito wote ni wa baipola

Sehemu ya uzito huenda inatibika, na hapa ndipo watu wanaporuka.

Sonona, yaani ile hali ya kushuka, ikibaki chini chini huleta usahaulifu. Kukosa usingizi huleta. Upungufu wa damu huleta. Pombe na bangi huleta. Na dawa zenyewe wakati mwingine huleta: dawa za kutuliza zinazompa mtu usingizi mchana, au benzeksoli, ile inayotolewa pamoja na haloperidoli, dawa ya kutuliza akili, ili mwili usikakamae. Benzeksoli inajulikana kwa kuchafua kumbukumbu. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia za baipola, tezi yake ya shingoni inaweza kulegea, na tezi ikilegea mtu huwa mzito, mwenye baridi na mwenye kusahau, na nyumbani mkadhani ni maradhi yale yale.

Siku ya kliniki nendeni na maswali yameandikwa. Sisi tulikwenda na haya:

"Shikamoo daktari. Hisia zake zimetulia, lakini anasahau sana na anachelewa kufikiri. Je, kuna dawa hapa inayomzidishia? Je, bado anaihitaji hii ya kuzuia kukakamaa? Je, apimwe damu na tezi? Je, dozi ya mchana inaweza kuhamia usiku?"

Nendeni pia na mifano mitatu iliyotokea kweli. Ukisema "anasahau" tu, daktari mwenye foleni ya watu ukumbini ataandika dawa zile zile. Ukimwambia "wiki hii alimpima mteja mara tatu na bado akakosea", atanyanyua kichwa.

Onyo: usipunguze wala usiache dawa kwa uamuzi wako, hata ukiwa na hakika ndiyo inayokulemaza. Kuacha ghafla ndiyo njia fupi ya kurudi kwenye kipindi kingine. Mwanamke anayetumia valproeti, dawa nyingine ya kutuliza hisia, na anafikiria kubeba mimba azungumze na daktari mapema, kwa sababu dawa hiyo ina hatari kubwa kwa mtoto tumboni. Na anayesomewa Qur'ani nyumbani aendelee kusomewa, hapana ubaya, ila vidonge vyake viendelee pia, na dawa yoyote ya miti anayokunywa daktari aijue.

Hatua imefaulu pale mnapotoka kliniki na jibu la kila swali likiwa kwenye karatasi, hata kama jibu ni "tusubiri mwezi mmoja".

## Hatua ya 2: Fungeni siku kwenye adhana

Mtu mwenye akili nzito hawezi kukumbuka "saa tatu na robo ufanye hivi". Anachoweza ni kufanya kitu kimoja mara baada ya kingine kinachotokea kila siku bila yeye kukikumbuka. Kwetu kitu hicho kipo: adhana mara tano. Na kwa kuwa visiwa vyetu viko karibu na Ikweta, nyakati hazihami sana mwaka mzima. Asiye Mwislamu atumie kengele ya kanisa, taarifa ya habari ya redio, au skuli inapofunguliwa na kufungwa.

Wiki ya kwanza fungeni mambo mawili tu. Baada ya Alfajiri, kufungua daftari. Baada ya Isha, dawa na kujitayarisha kulala.

Usingizi ndio nguzo ya yote. Kwa mwenye baipola kukesha si uchovu tu, usiku mmoja au miwili bila kulala inaweza kumpandisha. Kwa hiyo saa ya kulala iwe moja, saa ya kuamka iwe moja, pamoja na Ijumaa. Mdogo wangu analala saa nne usiku na simu inalala chumba cha mama.

Mkiona ameamka siku tano mfululizo katika nusu saa ile ile bila kuitwa, nendeni mbele.

## Hatua ya 3: Ukurasa mmoja, siku moja, kazi tatu

Hapa ndipo daftari linapokufa, basi nitakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni kuandika kila kitu. Daftari lenye kila kitu halisomeki, na mtu aliyepoteza uwezo wa kuchuja hawezi kuchuja maandishi yake mwenyewe. Kosa la pili ni kuandikiwa na mtu mwingine. Mama yetu alikuwa akimwandikia kwa mwandiko mzuri sana, naye hakulifungua hata mara moja, kwa sababu lilikuwa daftari la mama.

Ukurasa uwe hivi, kila siku, kwa mpangilio ule ule:

> Jumatatu
> Nililala saa 4. Nimeamka saa 11.
>
> 1. Kukata kanzu ya mteja wa Limbani
> 2. Kununua uzi mweupe, madonge 2
> 3. Kumpigia simu mjomba
>
> Dawa usiku: ___
>
> *Mengine:* mteja wa Bopwe anataka kofia, aulizwe Jumatano

Mstari wa kwanza ni wa usingizi kwa sababu ndiyo taa ya hatari. Daftari likifunguliwa Alfajiri na mtu akasoma kwa mwandiko wake kwamba amelala muda wa saa tatu tu kwa usiku wa pili, atajua kabla hajaanza kujisikia hodari.

Kazi ni tatu. Si nne. Kila moja ianze na neno la kutenda: kukata, kununua, kupiga, kupeleka. Ukiandika "kanzu" hujaandika kazi, umeandika wasiwasi.

Sehemu ya "mengine" ni ya kumwaga. Lolote linalokuja kichwani mchana linaangukia hapo, na halifanywi siku hiyo. Baada ya Isha analipitia, na linalofaa linahamia kwenye kazi tatu za kesho. Sehemu hii imemtuliza mdogo wangu kuliko nyingine zote. Zamani kila wazo lilikuwa linambembeleza alishike lisipotee, na kwa kulishika hilo aliliangusha lililokuwa mkononi.

Kazi ikiisha, apige mstari juu yake kwa kalamu, mstari mnene. Isipoisha, aiandike upya kesho kwa mkono. Ikihamishwa siku tatu, kazi hiyo ni kubwa mno au haitakiwi. Namna ya kuikata vipande iko hatua ya 5.

Daftari halilali kitandani wala kabatini. Linalala kwenye kikapu cha mlangoni pamoja na ufunguo, miwani na kadi ya kliniki. Akitoka anachukua vyote, akiingia anaviweka vyote. Kikapu hicho ni cha kwake. Asiwekewe limau wala chaja ya mtu.

Kufaulu kwa hatua hii kunaonekana siku utakapomuuliza "Kesho una nini?" naye badala ya kukunja uso akaingiza mkono mfukoni.

## Hatua ya 4: Dawa, na mtego wa saa

Ijumaa asubuhi jazeni bahasha 7 kwa wiki nzima, mgonjwa akijaza na msaidizi akitazama. Juu ya kila bahasha andika siku. Bahasha tupu ni ushahidi. Mtu anayesahau hawezi kujua kama amekunywa au alifikiria tu kunywa, na kurudia dozi ni hatari sawa na kuiruka.

Sasa mtego. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili na simu inahesabu kwa Kizungu. Kwenye bahasha ya hospitali pakiandikwa saa 8 usiku kwa hesabu ya Kizungu, kwetu ni saa mbili usiku, na kwenye simu alamu inawekwa 20:00. Mdogo wangu aliweka 2:00. Ikamwamsha saa nane za usiku wa manane, akanywa dawa, akashindwa kurudi kulala, na wiki nzima ikaharibika kabla hatujagundua. Muulize mfamasia akutamkie saa kwa Kiswahili, uandike mwenyewe kwenye bahasha, kisha mtu wa pili aikague alamu.

Alama za 1×2 au 1×3 nazo ziulize. Maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, au mara tatu. Nimewaona watu wakisoma 1×2 wakanywa viwili kwa pamoja.

Ukisahau dozi, usinywe mbili kufidia. Piga simu kliniki au subiri wakati wa dozi inayofuata kama ulivyoelekezwa.

## Hatua ya 5: Kazi kubwa ikatwe vipande

Ubongo wenye uzito unakwama zaidi kwenye kupanga: kianze kipi, kifuate kipi, niko wapi sasa. Mikono ya mdogo wangu haikusahau kushona hata siku moja. Kilichopotea ni mpango. Alikuwa akikata nguo tatu, anashona bega la moja, anarukia mkono wa nyingine, mwisho wa siku meza imejaa na hakuna iliyokwisha.

Tulikaa naye siku ambayo kichwa kilikuwa chepesi, akatutajia hatua za kanzu kama anavyomfundisha mwanafunzi: kukata, mabega, mikono, mbavu, shingo, vifungo, upindo, pasi. Tukaziandika kwa herufi kubwa kwenye kadi, kadi ikabandikwa ukutani mbele ya cherehani. Kila kanzu ina kibanio chake cha nguo. Akimaliza hatua, anakisogeza kibanio. Akiitwa nje kuzungumza na mtu, akirudi hajiulizi alikuwa wapi. Kibanio kinamwambia.

Vipimo vina sheria yao: pima kimoja, kitamke kwa sauti, kiandike, ndipo upime kingine. Daftari linakaa begani kwa mteja ikibidi, kalamu imo mkononi tangu mwanzo. Mteja akisikia "bega, kumi na nane" anadhani ndio ufundi. Na kweli ndio ufundi.

Njia hii ni ya kazi yoyote. Mama anayelima mwani aandike hatua za siku ya bamvu, maji yanapokupwa sana: kamba, mbegu, kufunga, kupeleka, kurudi maji yakianza kujaa, na siku za bamvu zenyewe azizungushie duara kwenye kalenda tangu mwezi kuandama. Mwanafunzi akate mada moja iwe kurasa mbili mbili. Mpishi abandike mpangilio wa futari juu ya jiko.

Kipande kiwe cha dakika 20 mpaka 30, kisha asimame, anywe maji, arudi. Kazi inayotaka akili sana iwekwe ile saa kichwa chake kinapokuwa chepesi. Kwa wengi ni asubuhi baada ya ule usingizi wa dawa kutoka, lakini kila mtu ana yake, na mstari wa usingizi daftarini utawaonyesha baada ya wiki mbili.

Onyo: usimwonee huruma mpaka ukamnyang'anya kazi. Mtu aliyeondolewa kila jukumu anapona nusu tu.

## Hatua ya 6: Namna ya kusema naye

Hii ni ya nyumba nzima. Agizo moja kwa wakati mmoja. "Nenda dukani ulete tui, ukirudi pitia kwa shangazi mwambie kesho tunakwenda Chake, halafu uangalie kuku" ni maagizo matatu, na litakalofika ni la kuku.

Sema kimoja, kisha muombe akurudishie: "Hebu niambie nimekutuma nini?" Uliza kwa upole, kama unayejihakikishia mwenyewe. Redio izimwe mnapozungumza jambo la maana.

Na yapo maneno ya kufuta kabisa nyumbani: "Nimeshakwambia mara ngapi?" Mara ngapi yeye hajui. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Akisikia hivyo ataacha kuuliza, ataanza kubahatisha, na hapo ndipo makosa makubwa yanapotokea.

Barza nayo isisahauliwe. Mdogo wangu aliacha kwenda kwa sababu watu sita wakisema pamoja yeye anabaki nyuma, wakicheka anacheka bila kujua kwa nini. Sasa anakwenda mapema, wakiwa wawili watatu, anacheza bao mchezo mmoja, anaondoka barza ikijaa. Kuwa na watu wachache unaowaelewa ni sehemu ya kupona, na mimi naiweka sawa na dawa.

Kuhusu pesa, kubalianeni naye akiwa mzima, na muiandike: kiasi kikizidi hiki, kinalala usiku mbili kabla ya kutoka. Awe amepanda au ametulia, sheria ni ile ile. Hivyo siku ya hatari haitaonekana kama mnamwonea.

## Hatua ya 7: Ramadhani na shamrashamra za Sikukuu

Mwezi huu huvunja kila tulichokijenga: usingizi unakatwa na daku, milo inahama, maji yanakosekana mchana, na dozi ya asubuhi inakosa pahala pake. Kliniki iendewe Shaaban, mwezi unaotangulia, si siku ya tatu ya mfungo.

Mwenye lithiamu awe na tahadhari kubwa kuliko wote. Mwili ukikauka maji, dawa hupanda kwenye damu na kuwa sumu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki pia huipandisha, basi zisinunuliwe dukani kiholela. Mikono ikitetemeka kwa nguvu, akitapika, akiharisha, akipepesuka au maneno yakikokota, asisubiri Magharibi. Ni hospitali wakati huo huo.

Daktari akisema usifunge, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe, Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Wako wagonjwa wanaoficha dawa ili wafunge kama wenzao kwa kuona haya. Wenye nyumba, msimwache ale kwa kujificha jikoni kama mwizi. Mwekeeni chakula chake mezani.

Kwa mafundi, hatari kubwa ni kumi la mwisho. Kila mtu anataka kanzu ya Sikukuu, taa za mafundi hazizimwi kabla ya saa nane za usiku, na pesa inaingia. Mdogo wangu alilazwa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa baada ya makesha hayo. Alianza kwa kukesha kwa ajili ya kazi, akaishia kukesha kwa sababu usingizi umeondoka.

Sasa mwisho wa kupokea kazi ni tarehe 15 Ramadhani, na tangazo liko mlangoni kwa mwandiko wake. Saa nne usiku cherehani inafunikwa kwa kanga na mama anachukua ufunguo. Mwaka wa kwanza tulipoteza wateja, sitakuficha. Waliobaki ndio wanaoleta kazi mwaka mzima.

## Hatua ya 8: Ijumaa, kupima

Baada ya sala ya Ijumaa, mgonjwa na msaidizi wake wakae robo saa na daftari. Maswali ni haya: Siku ngapi amelala muda wa saa saba au zaidi? Bahasha ngapi zimebaki na dawa? Kazi ngapi zimepigwa mstari? Amekaa na watu mara ngapi? Kuna kitu gani wiki hii kimempa raha?

Swali la mwisho lisiachwe. Mtu anaweza kumaliza kazi zote na bado maisha hayana ladha, na hilo daktari anahitaji kulisikia, kwa kuwa huenda sonona imekaa chini chini.

Msitafute kazi zote zipigwe mstari. Mbili kati ya tatu kwa siku nyingi ni mafanikio makubwa. Linganisheni na mwezi uliopita wa mtu yule yule, kamwe si na kaka yake.

## Likiharibika

Ameacha kuandika. Angalia usingizi kwanza. Kama usingizi uko sawa, rudini kazi moja kwa siku kwa wiki nzima.

Anaandika kurasa kumi kwa siku, mishale na mipango. Hiyo ni dalili ya kupanda. Usimsifu kwa bidii. Hesabu saa alizolala na upige simu kliniki.

Daftari limepotea. Ndani ya jalada muandike namba ya simu ya msaidizi, bila jina la maradhi. Daftari jipya liwe limeshanunuliwa, liko kikapuni chini.

Amelazwa na ametoka. Akili huwa nzito zaidi wiki za mwanzo, naye atakata tamaa akiona hata kumaliza aya moja hawezi. Mwambieni kwamba uzito wa siku hizo hupungua kadiri hali inavyotulia. Lile daftari la kabla ya kulazwa liwekwe pembeni, asilisome bado. Mpeni jipya, afungue ukurasa wa kwanza, aandike siku, saa aliyolala na saa aliyoamka, na kazi moja. Kwa mdogo wangu, mara ya mwisho, kazi hiyo ilikuwa: kutia uzi sindano.